Nyimbo za asili za Kerala: wimbo unapendwa, mwenyewe je?

Kila nikisikia mtu analalamika kwamba nyimbo za asili zimekufa huwa nakumbuka kwanza shughuli moja ya kule Aranmula, jimbo la Kerala, kusini kabisa mwa India. Wanaiita Valla Sadya. Ni karamu ya nadhiri, mtu ameomba jambo lake hekaluni, limekuwa, sasa anawalisha wapiga makasia wa ile mitumbwi mirefu ya Mto Pamba ambayo tezi yake, yaani upande wa nyuma, imenyanyuka juu kabisa. Mitumbwi ni mali ya vijiji, ipo hamsini na kitu, na wenyewe wanaihesabu ni mitakatifu, hata viatu unavua kabla ya kupanda. Basi jamaa wanatoka mtoni wanaimba, wanaingia wanaimba, wanakaa chini, kila mtu na jani lake la mgomba mbele, wali unamwagwa, na hapo ndo utamu wenyewe unaanza manake chakula hawakiombi kwa maneno, wanakiomba kwa ubeti. Mmoja anaanzisha anataja papadam, ule mkate mwembamba wa kukaanga, wenzake wanapokea, mwenye karamu analeta. Anaanzisha mwingine anataka uji mtamu wa maziwa, unaletwa. Achari, inaletwa. Vyakula vinapita sitini na kusema hakuna hairuhusiwi, umeimbiwa umeimbiwa.

Huo wimbo nani ataua? Hauhitaji semina wala bajeti ya wizara. Asiyejua beti hali vizuri, basi, kijana atajifunza tu.

Nimeanza na hili la chakula makusudi, kwa sababu maneno mengi yanayosemwa kuhusu nyimbo za kienyeji za Wamalayali, watu wa Kerala (wenyewe wanaziita nadan pattu, yaani nyimbo za nchi, za watu wa kawaida) yanaziweka kama vyombo vya kabatini, tuzihifadhi, tuzirekodi, watoto wetu watakuja kutuuliza. Mimi naona swali linaulizwa upande usio wake. Wimbo wa aina hii ulikuwa na kazi. Kazi ikiwepo wimbo upo, kazi ikiondoka wimbo unaondoka, na kabla hujaanza kulia inabidi uangalie hiyo kazi iliyoondoka ilikuwa ya namna gani na nani alikuwa anaifanya. Kisha kuna swali la pili ambalo watu hawalipendi sana, kwamba wimbo ukitoka shambani ukapanda stejini, nani anakula hela.

Tuchukue Kuttanad. Hili ni bonde la mpunga jirani na Alappuzha, mashamba yake yako chini ya usawa wa bahari, sehemu nyingine mita moja, nyingine mpaka karibu tatu, yaani maji ya mto yapo juu yako na wewe upo chini unapanda mpunga nyuma ya tuta la udongo. Ili shamba lilimike lazima maji yatolewe kwanza, na kabla ya mashine kuja yalitolewa kwa gurudumu la mbao lenye mapanga, wanaume wanakaa juu wanalikanyaga kwa miguu, usiku na mchana, na kulikuwa na nyimbo za hilo gurudumu peke yake. Maji yakishatoka wanaingia kina mama. Wanajipanga mstari, wameinama, matope mpaka magotini, mmoja anaanzisha wengine wanaitikia, na kila wakiitikia mche unaingia ardhini na mstari mzima unarudi nyuma hatua. Anayeanzisha ndo mwenye mwendo. Akiivuta sauti, mgongo wako unapata nafasi ya kupumua. Akikaza, umekwisha.

Walichokuwa wanaimba kilikuwa kirefu kweli, manake siku ni ndefu. Kwenye mashamba ya kaskazini mwa Kerala ziliimbwa hadithi za mashujaa wa huko, kina Thacholi Othenan na Unniyarcha, yule mwanamke wa upanga aliyewakabili wahuni njiani huku mumewe anatetemeka, na Aromal Chekavar aliyekufa kwa hiyana baada ya pambano lake na Aringodar. Hizo ndizo Vadakkan Pattukal, nyimbo za kaskazini, na zilisafiri midomoni mwa watu ambao wengi wao kusoma na kuandika kulikuwa ni marufuku kwao kwa desturi.

Na hapo ndo penyewe. Waliokuwa wameinama kwenye yale matope walikuwa hasa Wapulaya na Waparaya, watu wa tabaka la chini kuliko yote, na si chini ya kudharauliwa tu, walikuwa watumwa wa shamba, wananunuliwa na kuuzwa. Ufalme wa Travancore ulitoa tangazo la kukomesha utumwa mwaka 1855. Tangazo ni karatasi, maisha yenyewe yalichukua miongo mingi zaidi, barabara kadhaa hawaruhusiwi kupita, shule hawaruhusiwi kuingia, mpaka akaja Ayyankali, Mpulaya mwenyewe, akaunda chama chake mwaka 1907 na kuwaongoza vibarua wa mashambani kugoma, na dai kubwa halikuwa hela peke yake, lilikuwa watoto wetu waingie shule. Mabwana wakabaki wanauangalia mpunga wao.

Sasa mtu ananiambia, aah, nyimbo za kupanda mpunga zimepotea, inasikitisha sana. Inasikitisha nini hasa? Miaka ya 1970 Kerala ilikuwa na zaidi ya hekta 800,000 za mpunga, leo zimebaki kama 200,000, sheria ya ardhi ilivunja umwinyi tangu Januari 1970, watoto wa wale wapandaji wakaenda shule, wakawa walimu, manesi, makarani, wengine wakapanda ndege kwenda Ghuba, nchi za Waarabu. Mashamba mengi yaliyobaki yanapandwa na mashine au na vibarua waliotoka mbali, Bengal Magharibi huko, ambao Kimalayalam cha wimbo hawakijui na wala hawana sababu ya kukijua. Bibi yangu angekuwa mmoja wa wale kina mama halafu mimi leo nina ofisi yenye feni, ningeulizia wimbo wake kwa mapenzi, naam, ila nisingetaka ile kazi irudi ili wimbo uishi. Wengi wanaolia hawakuwahi kuinama, ndo tatizo langu nao.

Ila sitaki mtu aelewe kwamba nasema zile nyimbo zilikuwa za unyonge. Hapana. Zilikuwa na ulimi mkali, tena sana. Wimbo wa Onam, ile sikukuu yao kubwa inayoangukia Agosti au Septemba, unamkumbuka mfalme Maveli, enzi ambazo watu wote walikuwa sawa, hakuna uongo, hakuna hadaa, na kuna kipande humo wanasema hakukuwa na vipimo vya ulaghai. Hebu fikiria kibarua anayelipwa kwa mpunga unaopimwa na bwana kwa kibaba cha bwana, anaimba mbele ya bwana huyohuyo kwamba zamani vipimo havikuwa vya wizi. Bwana anatabasamu, sikukuu bana.

Kaskazini, Kannur na Kasaragod, mambo yanakwenda mbali zaidi. Huko kuna Theyyam, ibada ambapo mtu anavaa, anapakwa rangi, anaimbiwa wimbo wa asili ya mungu husika (thottam wanauita) mpaka yule mungu anaingia mwilini mwake. Msimu unaanza kama Oktoba unaenda mpaka Mei hivi. Wanaovaa ni watu wa tabaka za chini, na wanaopiga goti mbele yao wanatoka tabaka zote, wa juu wakiwemo. Yupo mmoja anaitwa Pottan, amevaa majani machanga ya mnazi, analala juu ya rundo la makaa ya moto, anacheka, anajifanya mjinga, na wimbo wake unasimulia mtu wa chini kabisa aliyekutana njiani na mwanachuoni mkubwa, na huyo mwanachuoni akamwamuru apishe njia. Yule wa chini akamjibu kwa maneno ambayo huko kila mtu anayajua: wewe ukikatwa inayotoka ni damu, sisi tukikatwa inayotoka si damu ileile?

Maneno mazito hayo, yanasemwa usiku mbele ya kijiji kizima, na mwenye cheo anayasikiliza mikono imefumbatwa kifuani kwa heshima. Kesho yake asubuhi yule aliyekuwa mungu anafuta rangi anarudi kuwa kibarua. Kuna wanaosema hiyo ni njia tu ya kuwapumulisha watu hasira ili mwaka uende, na kuna wanaosema bila huo wimbo wazo la usawa lisingekuwa na pa kukaa kwa mamia ya miaka. Mimi naelemea huku kwa pili, japo si kwa mia kwa mia. Wimbo haukubadilisha mishahara, huo ni ukweli, migomo ndo ilibadilisha. Lakini mtu aliyekua anasikia swali la Pottan tangu mtoto, siku ukimletea habari za mgomo huna haja ya kumwelezea sana.

Sasa nije upande ambao sisi wa pwani tutajisikia nyumbani. Waislamu wa Malabar, yaani kaskazini mwa Kerala, Wamappila, wana hazina yao wanayoiita Mappila pattu, na kwa karne nyingi waliiandika kwa lugha ya Kimalayalam na herufi za Kiarabu, sawasawa kabisa na wazee wetu wa Lamu na Pate walivyoandika tenzi. Utenzi wao wa zamani zaidi wenye tarehe inayojulikana, Muhyiddin Mala, uliandikwa na Kadhi Muhammad wa Calicut mwaka 1607, na unamsifu nani? Sheikh Abdul Qadir Jilani. Yuleyule anayetajwa kwenye dhikiri za Kadiria kuanzia Zanzibar mpaka Bagamoyo. Ukijumlisha na dufu, ambalo wao wanalo na sisi tunalo, unaona bahari hii ilikuwa barabara tu, na Vasco da Gama mwenyewe mwaka 1498 alivyofika Malindi hakugundua kitu, alipewa rubani wa kumpeleka Calicut kwa njia ambayo watu walishaichosha kwa kupita.

Hizi nyimbo nazo zilikuwa na kazi. Muhyiddin Mala ilisomwa majumbani baada ya magharibi. Ile ya Bibi Nafisa ilisomwa mwanamke anapokaribia kujifungua, ili mambo yawe mepesi. Oppana ni ya harusi, bibi harusi amekaa katikati kavaa dhahabu mpaka shingo inalemewa, wenzake wanamzunguka wanapiga makofi na kumtania kwa nyimbo mpaka ajifiche uso. Baadaye wakatokea wanaharakati wa kusafisha dini wakasema hizi mala, yaani tenzi za kusifu, ni uzushi, kumwomba sheikh aliyekufa haifai, na nyumba nyingi zikaacha kusoma, ugomvi ambao msomaji wa Mombasa au Tanga sihitaji kumweleza manake ameukuta kwenye maulidi. Matokeo yake yanachekesha kidogo, oppana ya harusi ikaendelea kunawiri mpaka ikawa na mashindano ya mashuleni, wahindu na wakristo wanacheza, wakati mala iliyokuwa na heshima ya ibada ndo ikapungua nyumbani.

Halafu Ghuba ikafunguka. Miaka ya 1970 wanaume wa Malabar waliondoka kwa maelfu, mke anabaki kwa mama mkwe, mume anarudi kila baada ya miaka miwili mitatu, na hapo ukazaliwa utanzu mpya ndani ya ule wa zamani, nyimbo za barua. S. A. Jameel alitunga barua ya mke kwenda kwa mume aliyeko Ghuba, na akatunga na jibu la mume, mashairi ya mwendo uleule wa Kimappila, ila yaliyomo ni kitanda kitupu, mtoto asiyemjua baba, pesa zinakuja wewe huji. Kaseti zilienea mpaka kwenye vyumba vya wafanyakazi Ghuba, wanaume kumi chumba kimoja, inasemekana wengine ilibidi wazime. Yeyote mwenye dada yake Muscat au kaka yake Doha anaelewa bila tafsiri. Simu za mkononi zilipokuja barua zikaisha na nyimbo za barua hazikutungwa tena sana, na hakuna aliyelia, kwa sababu kila mtu alijua anataka kuongea na mkewe kuliko anavyotaka wimbo.

Kwa kifupi niwataje na Wayahudi wa Cochin. Wanawake wao waliimba kwa Kimalayalam, wanaandika kwenye madaftari yao, mama anampa binti, na waliimba hata mbele ya wanaume kwenye harusi na sikukuu, jambo ambalo kwa Wayahudi wa sehemu nyingi lisingekubalika. Miaka ya 1950 karibu jamii nzima ikahamia Israeli. Madaftari yakaenda nao. Watafiti walipokuja kuyakusanya baadaye walikuta bibi vikongwe kwenye vijiji vya kilimo vya Israeli bado wanajua sauti zake, ila wajukuu wanaongea Kiebrania, harusi zinafanywa kwa muziki mwingine. Daftari lililinda maneno. Kazi ya kuimba lenyewe halikuweza kuibeba.

Turudi kwenye hela, nilikoahidi. Miaka ya 1990 alitokea kijana wa Chalakudy, Kalabhavan Mani, mtoto wa kibarua wa shamba, dereva wa riksha ya injini kabla hajawa mchekeshaji na baadaye nyota wa sinema. Huyu alichukua mahadhi ya nadan pattu akayaweka kwenye kaseti na kila basi, kila riksha, kila kibanda cha pombe ya mnazi Kerala nzima ikawa ni yeye. Alipofariki Machi 2016 watu walifurika barabarani. Nampa heshima zote, manake alifanya watu wa tabaka lake waimbe hadharani bila kuona haya vitu ambavyo wazazi wao waliviimba wameinama. Lakini uliza nyingi ya zile nyimbo nani alitunga. Arumughan Venkitangu, mtunzi wa kijijini wilaya ya Thrissur, aliandika mamia ya nyimbo, nyingi zikasikika kupitia sauti ya Mani, na umma ulikuwa unaziita za asili, kwamba zimetoka kwa mababu. Mababu gani, mtunzi yupo nyumbani kwake anakunywa chai! Amefariki 2022, na wengi walimjua siku hiyo.

Kisa cha Jithesh Kakkidippuram ndo kinauma zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitunga kawimbo ka kumbembeleza mtoto wa kwao aliyekuwa anatogwa masikio. Mkeka wa majani ya mkadi umetandikwa, kipimo cha mpunga kimewekwa, wajomba zako wanakuja kukutoga, mwanangu wa dhahabu. Hebu ona kila kitu kipo mahali pake, mkeka, mpunga, wajomba wenye mamlaka yao kama desturi za kule zilivyokuwa, kiasi kwamba ukiusikia unaapa una miaka mia tatu. Na watu waliapa. Ukaimbwa stejini, mashuleni, kwenye luninga, kila bendi ya nyimbo za kienyeji ikawa nao, umeandikwa wa asili, mtunzi hajulikani, kwa zaidi ya miaka ishirini, mwenyewe yupo hai, maskini wa Mungu, mpaka alipokuja kujitokeza kwenye kipindi cha televisheni ndo Kerala ikashtuka. Akafariki 2021.

Mtu atasema hiyo ndo sifa kubwa kwa mtunzi, wimbo wako kukubaliwa kuwa wa watu wote. Sifa haijazi sufuria. Na angalia jinsi lile neno asili linavyofanya kazi, anayelitumia ni bendi, studio, mwenye muvi, na kila likitumika kuna mtu halipwi. Wimbo usio na mwenyewe ni wa bure, kwa hiyo wapo wenye faida kubwa ya kutomtafuta mwenyewe. India ina sheria ya hakimiliki tangu 1957, ikarekebishwa 2012 ili watunzi na waandishi wa mashairi wapate mrabaha wao, ila sheria inamlinda anayejulikana jina. Huyu wa kijijini aliyeimba kwenye sherehe ya mtoto hana hata karatasi.

Afu kuna Nanjiyamma. Mama wa Kiirula kutoka Attappadi, milimani Palakkad, mchungaji, lugha yake si Kimalayalam hata, ni ya kabila lake. Aliimba kwenye filamu ya 2020 wimbo wa kwao, ukasambaa, na mwaka 2022 akatangazwa mwimbaji bora wa kike wa filamu kwa India nzima. Akatokea mwanamuziki mmoja akalalamika, kwamba huyu mama hawezi kuimba wimbo wa kawaida wa studio ukimpa sauti ya kuanzia, vipi anashinda waliosomea muziki tangu utotoni. Wanamuziki wengine wakubwa walimjibu vilivyo. Nilichokipenda mimi kwenye kesi ya Nanjiyamma ni kwamba angalau jina lake liliandikwa, kama mwimbaji na kama mwenye maneno, hawakuandika wimbo wa kikabila wakaishia hapo.

Kerala ina Folklore Academy tangu 1995, makao yake Chirakkal, Kannur, inatoa tuzo na ruzuku kwa wasanii wa kienyeji, na kama ningekuwa na sauti pale ningeomba kitu kidogo tu kisichohitaji tamasha. Kabla wimbo haujaingia stejini na lebo ya asili, atumwe mtu aende kijijini ulikosikika mara ya kwanza, akae siku mbili tatu, aulize kwa wazee na kwa vijana pia, huu nani alianza kuuimba hapa, na jibu liandikwe hata kama ni jina la ukoo au la kina mama wa shamba fulani. Mara nyingi litapatikana jina la mtu, na mara nyingi huyo mtu bado yupo hai na ana namba ya simu.